Umekuja kuuguza wodini? Soma hii kabla hujatandika mkeka

Kila mgonjwa mpya akilazwa, ndugu zake wananiuliza yaleyale. Nilale wapi? Nilete nini? Naruhusiwa kumlisha? Mbona yule wa kitanda cha pili anakohoa hivyo? Hii dripu mbona haiishi? Nimejibu kwenye korido, nimejibu kwa simu, nimejibu hata sokoni Majengo huku napima mchele. Sasa nimeandika.

Mwongozo huu ni wako wewe unayemuuguza ndugu yako. Wauguzi, mimi nikiwa mmoja wao, tuna miongozo yetu. Unahusu wodi za kawaida za pamoja, zile zenye vitanda sita, kumi au zaidi kwenye chumba kimoja, kama tulizonazo Dodoma mjini na wilayani, Kondoa mpaka Mpwapwa. Mirembe, hospitali ya afya ya akili, ina utaratibu wake, hasa wa vitu vya kuingia navyo, kwa hiyo kule uliza kwanza. Na popote ulipo, ukiona nililoandika linapingana na alilokuambia muuguzi wa wodi yako, mfuate yeye.

Nadharia ni fupi. Vijidudu vingi vya wodini havitembei vyenyewe. Vinabebwa na mikono, vyombo na nguo. Vichache, kama vya kifua kikuu, vinabebwa na hewa. Mgonjwa wako ana kidonda, au kanula mkononi (kile kimrija cha kupitishia dawa na dripu kwenye mshipa), au mpira wa mkojo, na kila kimoja ni mlango. Mtu akija na ugonjwa mmoja akaondoka na wa pili, mara nyingi huo wa pili umepita kwenye mkono wa mtu aliyemtakia mema.

Andaa hivi kwanza

- Sabuni ya maji kwenye chupa ndogo. Ukikosa, kata sabuni ya kipande vipande vidogo na ukiweke kimoja mahali kinapokauka. Sabuni inayoelea kwenye kisahani cha maji yaliyolala ni uchafu mwingine.
- Kitakasa mikono chenye kilevi cha asilimia 60 au zaidi. Soma chupa. Zipo zinazonukia vizuri tu.
- Dumu la maji la lita 5 lenye kifuniko. Mji wetu unategemea sana visima vya Mzakwe, na mgao wa maji si habari mpya kwa mtu wa Dodoma.
- Kikombe, sahani, kijiko na chupa ya chai vya mgonjwa peke yake, vyenye alama. Rangi ya kucha inatosha kuweka alama.
- Beseni la kumwogeshea na taulo yake, na kitambaa chako cha kukaushia mikono.
- Barakoa chache.
- Ndala zisizoteleza, zake na zako.
- Kanga au vitenge angalau vitatu. Sababu iko hatua ya 3.
- Daftari na kalamu.

Usibebe jiko la aina yoyote, hita ya kuchemshia maji, mito kutoka nyumbani, wala zulia. Mkeka wa plastiki unaofutika ni bora kuliko godoro la sponji linalonyonya kila kinachomwagika.

Hatua kwa hatua

1. Jitambulishe kwa muuguzi wa zamu

Usianze na kitanda, anza na meza ya wauguzi. Sema wewe ni nani kwa mgonjwa na utakaa mpaka saa ngapi. Kisha uliza: mgonjwa wangu anaruhusiwa kula na kunywa? Anaruhusiwa kushuka kitandani? Kuna tahadhari yoyote, mfano barakoa au choo cha peke yake? Nikihitaji msaada usiku nimwite nani, na wapi? Andika majibu kwenye daftari, maana ndugu atakayekupokea kesho hatakuwepo uliposikia.

Hapohapo sema kama ana mzio wa dawa yoyote, na kama kuna dawa za asili amekunywa nyumbani. Hatukugombezi. Tunataka tu kujua kilichomo tumboni kabla ya kuongeza kingine.

2. Panga eneo la kitanda

Kati ya kitanda na kitanda inatakiwa nafasi ya angalau mita 1. Usisogeze kitanda ili upate pa kulaza mkeka. Nafasi ile ndiyo inayomweka mgonjwa wako mbali na kikohozi cha jirani, na ndiyo tunayopita na toroli ya dharura usiku wa manane.

Mizigo isikae sakafuni wala juu ya kitanda. Weka kwenye kabati la kando ya kitanda, na kisichoingia kirudi nyumbani. Usikae kwenye kitanda cha mgonjwa, na kamwe usikae cha jirani, hata kama hakina mtu. Huenda aliyekuwa juu yake ametoka sasa hivi na hakijafutwa. Mkeka wako ukunje asubuhi kabla ya usafi. Chini ya kitanda pakijaa madumu na vyungu, mtu wa usafi anazungushia mopu pembeni, na mende wanapata makazi.

3. Nawa mikono, na ujue wakati wake

Watu wengi wananawa baada ya kushika kitu kichafu. Ni vizuri, ila hapo umejilinda wewe. Kunawa kunakomlinda mgonjwa ni kule kwa *kabla*: kabla ya kumgusa, kabla ya kumlisha, kabla ya kumsogezea mdomoni kitu chochote. Halafu ndipo zije za baada: baada ya kumsafisha haja, matapishi au damu, baada ya kumgusa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka hata kama hukumgusa mwenyewe. Kingio cha kitanda, kabati, simu yake, vyote vinahesabika.

Kwa maji na sabuni, kazi nzima ni sekunde 40 hadi 60. Lowesha, paka sabuni, sugua viganja, nyuma ya mikono, katikati ya vidole, migongo ya vidole, kisha *dole gumba* kwa kulizungusha kwenye kiganja, na ncha za kucha kwenye kiganja cha pili. Gumba na kucha ndizo zinazosahaulika kila siku. Suuza kwa maji yanayotiririka. Kunawa ndani ya beseni walimonawa wenzako si kunawa. Kitakasa mikono ni sekunde 20 hadi 30, usugue mpaka kikauke chenyewe bila kufuta. Lakini mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, au mgonjwa akiwa anaharisha, achana na kitakasa, tafuta sabuni na maji.

Ndoo yenye koki ina mtego wake: unaifungua koki kwa mkono mchafu, unanawa vizuri, unaifunga kwa mkono safi kwenye uchafu uleule uliouacha. Ipake koki povu la sabuni wakati unasugua, uisuuze pamoja na mikono, ndipo uifunge. Au mtu akumiminie. Kibuyu chirizi kinachokanyagwa kwa mguu ni kizuri zaidi kuliko sinki nyingi nilizowahi kuziona.

Pete na bangili zivue. Hina haina shida. Kucha za kubandika ndizo zenye shida.

Sasa kanga. Kanga moja ya mwanamke anayeuguza inaweza kumfunika mgonjwa asubuhi, ikamfuta jasho, ikatandikwa sakafuni mchana, ikashikia sufuria ya moto, kisha ikakausha mikono iliyotoka kunawishwa kwa dakika nzima. Kazi yote ya sabuni imeishia hapo. Kwa hiyo gawa: moja ya kuvaa, moja ya kulalia, moja ya mgonjwa. Mikono ikauke kwa kitambaa chake, au kwa hewa. Na ile taulo inayoning'inia karibu na sinki ikimkausha kila mtu, ipite kama huioni.

Glovu: zivae unaposhika damu, haja au matapishi, vua, tupa, nawa. Usizurure nazo. Kuna watu wanavaa jozi moja asubuhi, wanamsafisha mgonjwa, wanafungua mlango, wanapokea simu, wanakoroga uji. Glovu hiyo imemlinda nani?

4. Jirani wa kitanda

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanakosea kwa moyo mzuri.

Wodi zetu zina ujirani. Mkishasalimiana mbukwenyi asubuhi, jioni mmeshakuwa ndugu. Mama wa kitanda cha tatu akienda kufuata dawa, wewe unamlishia mwanawe. Bibi wa dirishani hana mtu, unamgeuza. Sitakuambia uache. Kuna wagonjwa wa mbali, Chemba huko au Manyoni, wasingekula kabisa bila majirani hao. Ninachotaka ni kwamba wema wako upite kwanza kwenye maji na sabuni.

Ukitoka kwa mgonjwa wako kwenda kwa jirani, nawa. Ukirudi, nawa. Kila mara, hata kama umemshika bega tu. Ukihudumia wagonjwa wawili, anza na mwenye hali nafuu isiyo na kidonda wala kuharisha, umalizie na mwenye tahadhari.

Msiazimane vifaa. Kikombe, kijiko, taulo, beseni, wembe, mswaki, mkasi wa kucha, chombo cha haja, kopo la kumwagia mkojo: kila mgonjwa na chake. Chakula unaweza kumpa jirani, ukihamishia kwenye chombo *chake* kwa kijiko safi, baada ya kuuliza kama anaruhusiwa kula. Aliyekatazwa kula kwa sababu anasubiri upasuaji ukimpa uji kidogo kwa huruma, upasuaji unaahirishwa, au anatapika akiwa chini ya usingizi na kile kinachotoka kinaingia kwenye mapafu. Watu wamekufa kwa uji wa huruma.

Kuna mambo mawili ambayo hata kwa jirani yako wa miaka yote usiyafanye: usimpe dawa, na usiguse dripu, mpira wala oksijeni yake. Mwite muuguzi.

5. Hewa na madirisha

Huu ndio ugomvi mkubwa wa wodi za Dodoma. Kuanzia Juni mpaka Agosti upepo wetu unajulikana, baridi ya alfajiri inauma na vumbi linaingia hata pasipo na tundu. Kwa hiyo watu wanafunga kila dirisha, na wagonjwa kumi wanapumua hewa ileile mpaka asubuhi.

Vijidudu vya kifua kikuu vinakaa hewani kwa saa kadhaa kwenye chumba kilichofungwa. Dirisha likifunguliwa vinatawanywa na kutolewa nje. Na ajabu ni hii: watu wanamtengea mgonjwa wa kifua kikuu kikombe na sahani kwa woga, wakati ugonjwa huo hauambukizwi kwa vyombo, kisha wanafunga madirisha yote na kulala naye.

Fanya hivi. Madirisha ya pande mbili zinazotazamana yawe wazi, hata kwa sehemu, mchana na usiku. Mgonjwa mfunike blanketi la pili na soksi. Kama upepo unampiga moja kwa moja, muombe muuguzi amhamishe kitanda badala ya kufunga. Vumbi likija kwa kishindo, funga mpaka lipite, kisha fungua. Vumbi lililotua lifutwe kwa kitambaa chenye maji; ufagio mkavu unalirudisha hewani pamoja na kila kilichokuwa sakafuni.

Anayekohoa ndiye avae barakoa kwanza. Akikohoa azibe kwa kiwiko au karatasi, atupe, anawe. Makohozi hayatemwi sakafuni wala dirishani. Yawekwe kwenye kopo lenye kifuniko alilopewa.

Masika yetu ya Desemba mpaka Aprili yana mbu, na neti ya kitanda ni sehemu ya matibabu. Ichomeke chini ya godoro. Usiifunge fundo juu usiku kucha eti unaona joto.

6. Chakula

Kije cha moto, kwenye chombo kinachofunika vizuri, na kiliwe. Kilichopikwa kikikaa kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, mwaga, hata kama ni nyama. Uji wa uwele wa asubuhi hauwi uji wa jioni. Matunda yaoshwe kwa maji salama na yamenywe. Zabibu zetu ni tamu, lakini zina vumbi kwenye kila kikonyo na ni rahisi kumkaba mtoto mdogo au mzee dhaifu. Osha moja moja, kata katikati. Kama ana kisukari, uliza kwanza.

Mlishe akiwa ameketi au kichwa kimeinuliwa, naye yuko macho. Aliyepata kiharusi asipewe kitu mdomoni mpaka muuguzi au daktari amjaribu kumeza. Akikohoa kila anapomeza, au sauti ikiwa ya majimaji baada ya kunywa, acha, sema. Baada ya kula abaki ameinuka kwa nusu saa hivi. Mpira wa chakula wa puani usiutumie mpaka ufundishwe, na siku ya kwanza umlishe mbele ya aliyekufundisha.

7. Dripu, kanula, mpira wa mkojo, oksijeni

*Dripu.* Kile kigurudumu kidogo kwenye mrija ndicho kinachopanga kasi, na muuguzi amehesabu matone kwa dakika. Ndugu anayetaka kulala mapema anakifungua ili iishe. Kwa mtoto, mzee, mwenye shida ya moyo au figo, maji hayo ya haraka yanajaa kwenye mapafu. Usikiguse. Ikiisha au isipotiririka, ita.

*Kanula.* Mahali pake pawe pakavu. Ukimwogesha, usipaloweshe. Pakiwa pekundu, pamevimba, panauma, panatoa maji, au plasta imebanduka, sema siku hiyohiyo bila kungoja raundi ya daktari.

*Damu.* Akiwekewa damu, kaa naye, hasa dakika 15 za mwanzo. Kutetemeka, homa, kuwashwa, kubanwa pumzi, maumivu ya kiuno: kimbia kaite mtu.

*Mpira wa mkojo.* Mfuko unakaa chini ya kiwango cha kibofu, bila kugusa sakafu. Angalia ndugu wanapompeleka mgonjwa kupiga picha: wanambeba, halafu mmoja anauchukua mfuko uliojaa na kuulaza juu ya tumbo lake ili usining'inie. Hapo mkojo uliokuwa mfukoni unarudi ndani ya kibofu na kila kilichoota humo. Muuguzi aumwage kabla hamjaondoka, kisha uning'inizwe ubavuni mwa machela, chini. Mrija usikunjike, wala asiulalie. Usiutenganishe kwenye kiungio kwa sababu yoyote.

*Oksijeni.* Hakuna mshumaa, kiberiti wala sigara karibu, hata umeme ukikatika. Usimpake mafuta ya mgando usoni. Usiongeze kipimo kwa kuwa anaonekana anahema. Ukiona anahema, hiyo yenyewe ndiyo sababu ya kuita.

8. Haja, matapishi, damu na taka

Vaa glovu, funika bedpani (chombo cha haja cha kitandani) unapoibeba, mwaga chooni siyo kwenye sinki la kunawia, osha, rudisha kwa mgonjwa yuleyule. Kikimwagika kitu sakafuni usikisambaze kwa kanga: zuia watu wasikanyage, mwambie mtu wa usafi au muuguzi, wao wana dawa yenye nguvu ya kutosha.

Taka zina mapipa ya rangi tofauti. Soma kilichoandikwa, maana maganda ya ndizi kwenye pipa la taka zenye maambukizi yanapoteza nafasi, na pamba yenye damu kwenye pipa la maganda inamhatarisha anayebeba. Kile kisanduku cha kutupia sindano usikiguse, usikisogeze, usiingize kidole, na usimruhusu mtoto akikaribie. Ukiona sindano kitandani au sakafuni, usiiokote.

9. Asianguke, asipate vidonda vya kulalia

Kuanguka kunatokea sana usiku, safari ya chooni. Kitanda kishushwe, kingio kipandishwe kama kipo, ndala ziwe karibu, njia iwe kavu na wazi. Anaposhuka, akae kwanza, miguu ining'inie dakika chache, ndipo asimame ukiwa umemshika. Akisema kizunguzungu, arudi.

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku. Andika saa kwenye daftari. Kila ukimgeuza angalia kiuno kwa nyuma, nyonga, visigino, viwiko na nyuma ya kichwa. Ukiona wekundu au weusi usioondoka, usipasugue. Kusugua kunaumiza zaidi nyama iliyo chini. Mlaze upande mwingine na umwonyeshe muuguzi. Visigino viinue kwa kanga iliyokunjwa chini ya mashavu ya miguu, vielee. Usimburute juu ya shuka, nyanyueni wawili. Shuka iwe kavu na isiyo na mikunjo wala makombo.

10. Jina lake kamili, kila mara

Wodi moja inaweza kuwa na kina Juma wawili na kina Mama Neema watatu. Muuguzi akija na dawa, sindano au damu akauliza "wewe ndiye Juma?", jibu kwa majina yote matatu na umri, au mwonyeshe namba ya faili. Asipouliza, sema mwenyewe: "Sista, huyu ni fulani fulani fulani." Usione aibu. Na usimjibie ndiyo mgonjwa wa jirani aliyelala.

11. Wageni

Familia nzima ikishuka stendi ya Nzuguni alfajiri, inataka kuingia yote. Waingie wawili wawili, wanawe mlangoni, wasimame, wasikae kitandani, watoke. Mwenye mafua, homa, kuharisha au macho mekundu asalimie kwa simu. Watoto wadogo wabaki nyumbani. Kupeana mikono na wagonjwa wote wa wodi ni heshima kwetu, najua. Wodini salimia kwa mdomo, mkono kifuani. Mchungaji au shehe akija kuombea na kuwawekea wagonjwa mikono, mnawishe kati ya kitanda na kitanda. Wengi wanakubali ukiwaeleza.

12. Ukirudi nyumbani

Nguo za wodini zisichanganywe na za watoto. Zifuliwe kwa sabuni na maji ya moto, zianikwe juani. Zilizochafuka haja au damu, toa uchafu kwanza ukiwa na glovu. Sakafu ya nyumbani ikichafuka kwa damu au matapishi ya mgonjwa, changanya sehemu 1 ya Jik yenye asilimia 3.5 na sehemu 6 za maji, mwagia, acha dakika 10, futa. Changanya siku hiyohiyo, nguvu yake inapungua. Usichanganye na dawa nyingine ya chooni, hewa yake ni sumu. Na usiloweke kitenge humo kama bado unakipenda.

Mambo yakienda vibaya

*Maji yamekatika wodini.* Dumu lako liwe la kunawia kwanza, kufua baadaye. Mikono isiyo na uchafu unaoonekana tumia kitakasa. Mwambie muuguzi kiongozi mapema, kabla ndoo hazijakauka.

*Jirani anakohoa usiku kucha na hana barakoa.* Usigombane naye. Mpe moja yako, fungua dirisha, vaa na wewe, kisha mwambie muuguzi pembeni. Kama anatakiwa chumba cha peke yake, uamuzi huo ni wa wataalamu.

*Nataka muuguzi anawe kabla ya kumgusa mgonjwa wangu, naogopa kumwambia.* Shika kopo la maji na sabuni, sema: "Shikamoo sista, nikumiminie maji?" Sijaona muuguzi akikasirikia hilo, nami ni mmoja wao.

*Nimechomwa na sindano.* Osha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue, usinyonye, usimwagie Jik. Toa taarifa palepale. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, ziitwazo PEP, zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na zinamezwa siku 28. Usingoje zamu iishe. Damu ikikurukia machoni, suuza kwa maji safi mengi, kisha utoe taarifa palepale vilevile.

*Mgonjwa ameanza kuharisha, na hakuja na kuharisha.* Usinunue dawa ya kufunga tumbo duka la nje. Mwambie muuguzi mara ngapi na rangi gani. Huenda ni dawa anazotumia, huenda ni maambukizi ya wodini. Hapo kitakasa hakitoshi, ni sabuni tu. Uliza atumie choo kipi.

*Kila nikiita hakuna anayekuja.* Usiku muuguzi mmoja anaweza kuwa na wodi nzima. Nenda mezani mwenyewe, useme jambo lenyewe kwa maneno machache: "kitanda cha 7, anahema sana, midomo ya bluu" itamfikisha haraka kuliko "sista njoo umwone mgonjwa". Usipomkuta, nenda wodi ya jirani.

*Nimeanza kuumwa mimi.* Toka wodini, aje mwingine. Kama ni kuharisha au kutapika, usirudi mpaka zipite saa 48 tangu kukoma. Kama ni kikohozi cha wiki mbili au zaidi, peleka makohozi yapimwe, vipimo na dawa za kifua kikuu nchini ni bure. Daftari mwachie atakayekupokea, mkalisome pamoja nje kabla hajaingia.